Afande Kifaru na Uzi wa Mama Pimbi

Paukwa!

— Pakawa!

Uzi?

— Wa buibui!

Amri?

— Ya mwenye pembe!

Na mjanja?

— Hana mkia!

Haya, mmeitikia vizuri, isipokuwa yule pale aliyejaza mihogo kinywani. Meza kwanza, baba, nakungoja. Mimi nikishaanza sisimami, na nikishamaliza sirudii. Anayesinzia, shauri yake.

Hapo kale, kale ya bibi yake bibi yangu, wanyama walikuwa na mtandao. Unacheka nini? Nani kakwambia mtandao ni mambo ya juzi? Wanyama wa Bonde la Majani Marefu walikuwa nao, tena wao haukuwa wa kukatikakatika kama huu wenu. Ulikuwa wa uzi. Buibui walifuma uzi, mchwa wakajenga vichuguu virefu vya kuushikilia uzi juu, na uzi ukapita kichuguu kwa kichuguu, kutoka mlimani hadi bwawani. Huku na huku yakaning'inizwa maganda ya konokono. Ukivuta uzi mlimani, maganda yanalia bwawani: cheng'ele, cheng'ele! Ukivuta mara moja, maana yake kuna mgeni. Ukivuta mfululizo bila kukoma, maana yake moto, kila mtu na roho yake.

Msimamizi wa mafundi hawa alikuwa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule wa mawe, mfupi, mnene kidogo, mkia hana, sauti kubwa kuliko mwenyewe. Kufuma hajui. Kujenga hajui. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya jiwe kuu, kulitazama bonde zima, na kupiga mluzi palipo na shida: fyuuu! Buibui aliye karibu anasikia, anakwenda, anaunga. Mchwa walio karibu wanasikia, wanakwenda, wanaziba. Pimbi haulizi ni mguu upi uliotangulia.

Na Pimbi alikuwa na mama yake. Mama Pimbi alikuwa mzee na kiziwi. Ukimwambia shikamoo, anakujibu, "Bado sijala." Alikaa peke yake ng'ambo ya bonde, kwenye kijiwe kidogo katikati ya majani, kutwa anasinzia, na kuhama hataki hata kwa dawa. Maganda ya konokono yangelia mpaka yapasuke, hasikii. Kwa hiyo Dada Buibui, fundi mkongwe, alimfungia uzi kwenye kidole cha mguu. Uzi ukivutwa, kidole kinacheza, Mama Pimbi anaruka. "Nani huyo mshenzi?" Akinusa moshi, anakimbilia mwamba mtupu uliokuwa jirani. Kila kiangazi moto ulipita, na kila kiangazi uzi ule ulimwokoa. Pimbi alimpenda mama yake kupita kiasi, na usingizi wake wote uliutegemea uzi ule.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoingia.

Kulikuwa kumetokea vita bwawani, nyati na viboko wakigombea tope. Shujaa wa vita ile alikuwa Kifaru. Alipigana vipi? Aliinamisha pembe, akafumba macho, akatimka: gidi gidi gidi gidi! Waliokuwa mbele yake wakapisha, wa kwao na wa adui, na aliposimama uwanja ulikuwa mtupu. Akasema, "Nimeshinda." Nani wa kumbishia?

Malkia Tembo akataka kumtuza. Akawaza, akawazua, akasema, "Aliyeongoza vita hashindwi kuongoza uzi. Kifaru, nakupa mafundi wa mtandao." Makofi yakapigwa, pa pa pa. Mafundi wenyewe hawakuulizwa.

Asubuhi yake Kifaru akafika kwenye jiwe kuu. Mgongoni kabeba ndege wake, yule mwenye mdomo mwekundu anayekula kupe, jina lake Askari. Kifaru haoni mbali, kichaka na twiga kwake ni mamoja, kwa hiyo Askari ndiye macho yake. Na Askari naye si mjinga. Afande akifurahi hatikisi mgongo, na asipotikisa mgongo kupe wanaliwa kwa nafasi. Basi Askari alimwambia afande mambo ya kufurahisha tu.

"Mafundi! Mguu sawa!" Kifaru akafoka.

Mafundi wakatazamana.

"Shikamoo, afande," akasema Pimbi.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi Pimbi, msimamizi wa mafundi."

"Ulikuwa. Sasa wewe ni mpokea amri. Vita vina kanuni zake, na mtandao ni vita. Kwanza, safu! Pili, amri! Tatu, hakuna kuuliza! Mmeelewa?"

"Afande, samahani, naomba kuuli..." akaanza Dada Buibui.

"Kosa! Kosa moja, mlo mmoja. Nzi wako wa leo ni wa Askari."

Askari akamdaka nzi, akammeza, akajipangusa mdomo.

Kifaru akawapanga buibui safu. "Kushoto, geuka!" Jamani, buibui ana miguu minane! Mguu wa mbele ukageuka, wa katikati ukaukanyaga wa nyuma, wa nyuma ukaingia kwa jirani, na kufumba na kufumbua buibui wote wakawa donge moja linalopiga kelele. "Niachie mguu wangu!" "Huo ni wangu, wako huu hapa!" Kifaru akasema, "Kosa!" na nzi wa kikosi kizima wakaenda tumboni mwa Askari.

Akawageukia mchwa. "Kiongozi wenu nani?"

"Hatuna, afande."

"Ramani mnayo?"

"Hatuna, afande."

"Sasa kichuguu kile kirefu aliamuru nani?"

Mchwa wakanong'onezana. Mmoja akajitokeza. "Afande, mimi nilimkuta mwenzangu kaweka punje ya udongo. Nikaona pananukia vizuri, nikaweka yangu juu. Na huyu akaweka yake juu ya yangu. Kuja kushtuka, kichuguu hicho."

"Huo si ujenzi, huo ni uhuni!" Kifaru akapiga mguu chini, gubu! "Kuanzia leo hakuna punje itakayowekwa bila amri yangu. Kila punje! Mmesikia?"

"Tumesikia, afande."

Alitaka kuwatoza mchwa mlo wao, akaambiwa wanakula kuni kavu. Akakunja pua. Akafikiri kidogo, akatangaza kwamba majani mabichi yote yaliyo jirani na vichuguu ni posho ya uongozi. Lo! Majani hayo ndiyo aliyokuwa akila Pimbi, na ndiyo aliyokuwa akimpelekea mama yake. Kifaru akala majani ya kichuguu hiki, chakwa chakwa, akahamia kile, chakwa chakwa, akazunguka jiwe kuu lote mpaka pakabaki vumbi jekundu. Tumbo likamning'inia, na bado akasema posho haitoshi.

Na kazi ikawaje? Nitawaambia. Uzi ulinasa kwenye mwiba wa mgunga, ukakatika. Dada Buibui alikuwa amekaa papo hapo, angeuunga kabla hujapiga chafya. Lakini amri hana. Akamwambia Pimbi, Pimbi akamwambia Askari, Askari akangoja afande amalize kutafuna. Afande akatamka, "Aufunge kwenye tawi la chini la mgunga!" Amri ikarudi kwa Askari, kwa Pimbi, kwa Buibui. Kufika, mgunga haupo! Malkia Tembo ameuegemea akijikuna, umelala chini. Sasa Buibui afanye nini, na amri ni amri? Akaufunga uzi hewani. Ukaanguka, pwata.

"Kazi imekwisha, afande!" akasema Askari.

"Safi sana," akasema Kifaru, akaendelea kula.

Ikawa mnyama akija kutuma salamu, anaambiwa mtandao hakuna, njoo kesho. Kesho akija, anaambiwa njoo kesho. Hapo angalau mnajua ninachosema.

Siku moja swala akapita ng'ambo mbio mbio, akaukata uzi wa Mama Pimbi.

Pimbi aliona kutoka jiweni, na moyo ukampasuka. Majani ya ng'ambo yalikuwa yamekauka, upepo wa kiangazi unavuma, na mama yake yuko katikati, hasikii la mwadhini wala la mnadi swala. Hakungoja. Akapiga mluzi, fyuuu! Buibui wa ng'ambo akatimka, akaunga. Kidole kikacheza. Pimbi akamwona mama yake kwa mbali akiruka na kutukana, akacheka kwa furaha.

Askari naye alikuwa ameona. "Afande! Uzi umeungwa bila amri!"

"Ukatwe!"

"Afande," Pimbi akapiga magoti, "uzi ule ni wa mama yangu. Mzee wa watu ni kiziwi. Moto ukija hatajua."

"Utaungwa zamu yake ikifika. Vitani hakuna mama."

Uzi ukakatwa. Pimbi akalia, siwafichi, alilia machozi ya kweli. Akavuka bonde kwa miguu yake mifupi akamshike mama yake mkono wahame wote. Akafika jua linaegemea.

"Mama, hapa pana hatari, twende kwangu!" akapaza sauti.

"Nimepona kabisa," akajibu mama yake, "ni mafua tu yalikuwa."

Akamvuta mkono, akapigwa kofi. Akamwonyesha majani makavu, mama akasema asante, lakini hayo hayaliki. Akashindwa. Akarudi na uchungu wake.

Njiani akapita kwenye jaa la Kifaru. Kifaru, kama mjuavyo, haendi haja ovyo ovyo, ana mahali pake pamoja, na lundo lenyewe usiombe. Pimbi akasimama, akashika pua, akalitazama lile lundo. Akakumbuka wahenga walivyosema: ukubwa ni jaa. Akatazama tena. Akaanza kutabasamu, pale pale, na pua kaishika.

Akawaita mafundi. "Ndugu zangu, tumekosea. Tulikuwa tunatii nusu nusu. Kuanzia kesho tunatii kweli kweli. Afande kasema kila punje ni kwa amri yake. Basi kila punje iende kwake! Kila uzi uende kwake! Tumtii mpaka aombe poo."

"Na ile kanuni ya kutouliza?" akasema Dada Buibui. "Nzi sina tena wa kutozwa."

"Hatuulizi. Tunaripoti, tunangoja amri."

Asubuhi, Kifaru ndiyo kwanza kafungua kinywa ale, akasikia:

"Afande! Buibui wa mlimani anaripoti. Mguu wa kutangulia anangoja amri."

"Wa kulia!" akasema Kifaru. Akafungua kinywa.

"Afande! Anaripoti, ya kulia iko minne. Anangoja amri."

"Wa mbele!" Akafungua kinywa.

"Afande! Mchwa anaripoti. Ana punje ya udongo. Anangoja amri ya kuiweka."

"Iweke hapo!"

Kifaru akacheka, akamwambia Askari, "Umeona nidhamu? Hawa sasa wamekuwa wanajeshi." Na kweli nidhamu ilikuwepo. Safu ya mchwa ilianza miguuni pake, ikashuka jiweni, ikazunguka kichuguu, ikapotelea bondeni, na mwisho wake haukuonekana. Kila mmoja na punje yake kichwani, kila mmoja anangoja amri.

"Afande! Nina punje."

"Weka hapo."

"Afande! Nina punje."

"Weka hapo."

"Afande! Nina punje."

"Weka hapo hapo! Weka hapo hapo!"

Akila, wanaripoti. Akilala, wanaripoti. Akienda haja, wanamsindikiza kwa safu, wanageuza mgongo kwa heshima, na wanaripoti. Kifaru akaanza kukonda. Macho yakawa mekundu, masikio yakalegea. Askari sauti ikamkauka kwa kupeleka amri, akawa anafungua mdomo inatoka hewa tu, na kupe wakafanya sherehe mgongoni bila wa kuwagusa.

Jua likawa kali. Kifaru akasimama katikati ya lile vumbi alilolibakiza, akasinzia wima. Katika usingizi bado anajibu, "Weka hapo hapo... weka hapo hapo..." Na mchwa, viumbe watiifu, wakaweka hapo hapo. Punje kwenye kwato. Punje juu ya punje. Mate kidogo, punje nyingine. Udongo ukapanda hadi magotini, ukapanda hadi tumboni, jua likaukausha ukawa mgumu kuliko moyo wa bahili. Nani aliyeamuru? Kifaru mwenyewe. Nani aliyepanga? Hakuna. Hata Pimbi hakulipanga hilo. Yeye alitaka afande achoke tu, basi. Lakini alipoona ukuta unapanda, akaangalia pembeni na kuanza kusafisha kucha.

Kifaru akazinduka. Akataka kuinua mguu. Wapi! Akasukuma kwa kifua. Wapi! Kichuguu kimemfunga hadi shingoni, kimebaki kichwa na pembe.

"Nani kanifunga?"

"Afande, tuliweka hapo hapo," wakasema mchwa wote kwa pamoja.

"Nitoeni!"

"Ndiyo, afande. Tuanze na punje ipi?"

Hapo mafundi walitaka kucheka, na Pimbi alikuwa ameshajaza pumzi ya kicheko chake. Kicheko hakikutoka. Upepo ulikuwa umegeuka, na pua yake imenusa moshi.

Akaruka juu ya jiwe. Ng'ambo kule, nyuma ya kijiwe cha mama yake, moto umeinuka. Unakuja na upepo, unalamba majani: tata-tata-tata-vuuu! Miguu ya Pimbi ni mifupi, na moto una mbio. Hawezi kufika. Akapiga mluzi, fyuuu!

Hakuna aliyetikisika.

Fyuuu! Fyuuu!

Buibui wakamtazama Kifaru. Mchwa wakamtazama Kifaru. "Kaka Pimbi," akasema Dada Buibui, "amri iko wapi? Si ulisema tutii kweli kweli? Wenzangu wameshinda njaa kwa makosa, wanaogopa." Ndipo Pimbi alipouona mtego alioutega mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanangu. Alikuwa amewazoeza kungoja, na mama yake ndiye atakayelipa.

Akamkimbilia Kifaru. "Afande! Moto! Toa amri!"

"Moto uko wapi? Sioni!" Kifaru naye kashanusa moshi. "Buibui, kushoto geuka! Hapana, kulia! Mchwa, weka... hapana, usiweke! Kila mmoja... hapana! Uzi wa... uko wapi uzi?"

Kila amri ikitoka, inafukuzwa na nyingine. Buibui wakageuka kushoto, wakageuka kulia, wakarudi kuwa donge. Moto ukavuka mto mkavu uliokuwa nyuma ya kijiwe cha Mama Pimbi.

Pimbi akapanda juu ya pua ya Kifaru, akamshika pembe kwa mikono miwili, akamtazama jicho kwa jicho, mahali ambapo hata Kifaru anaona. "Afande wangu. Achana na kushoto, achana na kulia. Niambie jambo moja tu. Moto huu ukishapita, unataka tuwe vipi?"

Kifaru akafoka, "Nataka tuwe hai! Kila mmoja! Kila mnyama awe ametoka kwenye majani kabla moto haujafika!"

"Na tufanyeje?"

"Nitajuaje mimi? Niko ndani ya kichuguu! Fanyeni mnavyojua!"

Pimbi akageuka, akapaza ile sauti yake iliyo kubwa kuliko yeye. "Mafundi! Mmesikia amri ya afande? Kila mnyama atoke majanini, na tufanye tunavyojua!"

Mwe! Mngeona! Buibui wa mlimani hakumngoja wa bondeni. Aliyeona uzi umekatika aliunga, aliyeona tawi limeanguka alizunguka, aliyeishiwa uzi alipokewa na mwenzake katikati ya hewa. Mchwa waliokuta nguzo imepasuka walisimama wenyewe wakawa nguzo, mmoja juu ya mwingine, mpaka uzi ukakaa. Hakuna aliyejua anachofanya wa mbali. Kila mmoja alimwangalia jirani yake tu, na alijua kwamba wanyama watoke majanini. Na buibui wa ng'ambo, yule aliyewahi kuukata uzi kwa amri huku analia, aliteremka mwambani mbio mbio akamfunga Mama Pimbi kidole.

Dada Buibui akavuta. Akavuta, akavuta, akavuta! Bonde lote likalia: cheng'ele cheng'ele cheng'ele cheng'ele! Swala wakatoka, ngiri wakatoka na watoto wao mikia juu, kobe akatoka kabebwa juu juu na nyani anayelalamika. Na kidole cha Mama Pimbi kikacheza, kikacheza, kikacheza.

"Nani huyo msh..." Akanusa. Akageuka. Akauona.

Pimbi akarudi juu ya jiwe, akakodoa macho. Moshi ukafunika kijiwe. Moshi ukafunika majani. Halafu kwenye mwamba mtupu, juu kabisa, kikatokea kidude kidogo kinene, kinapanda kwa magoti, kimeinua ngumi kinautukana moto. Pimbi akakaa chini. Akalia mara ya pili, safari hii kwa raha.

Moto ukaja hadi kwa Kifaru. Ukatafuta majani, hakuna. Jani hata moja hakuna, afande kala yote. Ukazunguka lile vumbi, ukamwunguza nywele za masikio, ukaenda zake.

Jioni Malkia Tembo akafika na wanyama wote. "Bonde zima limeungua na hakuna aliyekufa! Nani aliyefanya haya?"

Mafundi wakamtazama Pimbi. Pimbi akaanza kupanua kifua, akasita. Akili ikamwenda mbio. Nikisema ni sisi, akawaza, Kifaru ataaibika, atatolewa humu ana hasira, na kesho tutaanza safu na kwata upya. Akarudisha kifua ndani.

"Ni Afande Kifaru peke yake, Malkia. Sisi tulikuwa hatujui la kufanya."

Dada Buibui nusura aanguke kwenye uzi wake.

"Na mbona yumo ndani ya kichuguu?"

"Hiyo ngome, Malkia. Afande aliijenga kwa amri yake mwenyewe, punje kwa punje."

Kifaru akakohoa. "Naam. Ngome."

"Malkia wangu," Pimbi akaendelea, anainama mpaka pua inagusa vumbi, "jemadari kama huyu kumfungia bonde moja ni dhambi. Mabonde mengine yana mafundi wasiojua hata kugeuka kushoto. Wao nao si wana wa watu? Wafundishwe."

Malkia akatikisa masikio, akaona ni kweli. Akakivunja kichuguu kwa pembe zake, akamtoa Kifaru, akamvisha taji la maua, na Kifaru akalila lile taji pale pale. Siku ya pili akaondoka kwenda kufundisha mabonde ya mbali namna alivyoushinda moto, na kila anapofika anaanza hivi: "Kwanza, safu!" Wanapiga makofi. Bondeni kwetu Pimbi akarudi kwenye jiwe lake na mluzi wake. Mvua zikanyesha, majani yakaota, nzi wakarudi, na mtandao haukukatika tena.

Ila kuna jambo moja. Habari za Kifaru zilimfikia Mama Pimbi. Zilimfikiaje na masikio yale, msiniulize. Kila asubuhi akawa anainua mikono anamwombea Kifaru maisha marefu, na kila mwanawe anapomletea majani mabichi, anayapokea, anayageuza, anatikisa kichwa.

"Mwanangu, wewe na huo mluzi wako mpaka lini? Mwenzako Kifaru kaniokoa na moto. Ungekuwa na akili japo kidogo, ungejifunza kwake."

"Ndiyo, mama," anasema Pimbi, na anamkaza uzi kidoleni.

Basi, hadithi hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba mafundi bila jemadari ni bure kabisa. Ukipewa watu wanaojua kazi, wapange safu. Chakula chao ule wewe. Punje yoyote isiwekwe bila wewe, na siku ikikufika shingoni, piga kelele, "Fanyeni mnavyojua!" Utavishwa maua. Anayebisha na aende akabishane na Mama Pimbi, kama atasikilizwa.

Naufunga uzi wangu hapo. Palipo patamu mmepapata ninyi, na palipo na kasoro semeni mimi nilitii amri tu.